Mbili za Nane, au Moja ya Kumi na Nane

Jang'ombe, Unguja
Jumamosi, 5 Oktoba 2024

Baba Shifa,

Assalaam alaykum. Sisi wazima. Shifa mzima, na mbuzi wa jirani mzima, bado anakuja kula maranda ya mbao karakanani kwangu. Usishtuke kuona karatasi. Simu hupokei, mwezi wa tatu huu, na ujumbe nikikuandikia unanijibu kwa kile kidole gumba kilichosimama. Nimekwambia mama kaanguka bafuni, kidole gumba. Nimekuuliza lini unakuja, kidole gumba. Karatasi haina kidole gumba, itabidi useme.

La kwanza: posa ya Hafidh kwa Shifa tumeikubali kama tulivyoagana. Nikaha ni Ijumaa tarehe 14 Februari baada ya alasiri, msikitini kwetu hapa. Wali wa kumwozesha ni wewe. Njoo mapema, usije ukaingia na begi mkononi watu wameshavua viatu.

La pili: spika yetu. Miaka ishirini na mbili nawachongea watu maboksi. Harusi za mji huu zimecheza kwa mbao zangu na wufa zako, spika za besi, na ukumbini kwetu tuna redio ya betri. Uliniahidi spika siku uliyokuja kunichumbia, baba yangu shahidi, Mungu amrehemu. Nataka wageni wa harusi waikute.

Hesabu nimeshapiga. Maboksi mawili, kila boksi wufa mbili za inchi nane. Usiniletee mambo ya kumi na tano. Ukumbi wenyewe hatua tano kwa nne, kumi na tano mule ndani vikombe vitatembea kabatini. Nane mara nane sitini na nne, mbili zake mia na ishirini na nane. Huo ni uso unaokaribia wufa moja ya kumi na mbili, lakini boksi linabaki jembamba, linakaa baina ya kabati na mlango. Na ndogo zina wepesi, ngoma ikisimama nazo zinasimama. Zote nne ziwe za ukinzani wa om nane, nitazifunga mbili mbili zisomeke nne, amplifaya yako ya zamani inazimudu.

Zichague mwenyewe, kwa sikio lako, kama unavyowachagulia watu baki. Na unipigie simu.

Mkeo,
Bimkubwa

*

Xiaobei, Guangzhou
16 Oktoba 2024

Mama Shifa,

Waalaykum salaam. Barua nimeikuta ofisi ya mizigo. Pole kwa mama.

Hilo la simu usilitie moyoni. Huku mtandao wa nyumbani tunaupitisha mlango wa nyuma, leo upo kesho haupo. Nami pilika haziishi. Asubuhi niko soko la spika, mchana Huangpu bandarini kufuatilia kontena, jioni miguu imevimba. Juzi pikipiki ya umeme imenikwangua bega hapa mtaani Dengfeng, alhamdulillahi haikuvunja kitu. Zinakuja kimyakimya kama paka.

Wufa za inchi nane nakuletea kama ulivyotaka, lakini nakushauri uzifikirie upya. Weka moja ya kumi na tano kila boksi. Ndogo nyingi zinapiga domo tu. Wimbo usiokugonga kifuani si wimbo, unapita hewani na kupotea. Zamani nilikuwa nikisema kama wewe. Mtu hubadilika.

Kuhusu nikaha, nimefikiri. Mwezi huo Wachina wanatoka likizo ya mwaka wao mpya na mizigo yote inafumka pamoja. Kaka yako Dullah asimame wakili wangu, amwozeshe Hafidh kwa niaba yangu. Nitaandika uwakala, nitie sahihi, mambo yaende. Sheria inaruhusu.

Mumeo,
Msabaha

*

Jang'ombe
Jumapili, 3 Novemba 2024

Msabaha,

Leo sikuiti Baba Shifa, maana baba wa Shifa angekuja kumwoza Shifa.

Wufa nne nimezipokea. Nimezifunga kwenye ubao wa majaribio, nikapiga kinanda kidogo tu, sauti ya chini. Mbili nzima. Mbili zinakwaruza. Koili inasugua chuma, kwaru, kwaru, kila besi ikija. Mama, mwenye miaka themanini, kauliza kutoka chumbani nani anakuna nazi. Haya nieleze. Wewe uliyekuwa ukikataa wufa mia dukani kwa kuwa moja imekohoa, umezisikiliza hizi ukaniletea mimi? Hukuzisikiliza. Kuna mtu kakuchagulia. Ni nani huyo?

Usiniambie hakuna. Muzdalifa karudi kutoka huko, kaja kunitazama, kaleta mzigo na habari, na wewe unamjua Muzdalifa, biashara yake nguo lakini macho yake hayafungi duka. Anasema alikuona Dengfeng mchana kweupe. Alikuita mara tatu, "Msabaha! Msabaha! Shemeji!" Muuza simu wa Kikongo upande wa pili akageuka, wewe ukapita zako. Umeanza lini kuwakimbia watu wa nyumbani?

Akakufuata. Ukaingia duka la spika, na yeye akasimama kwenye kioo. Anaapa kwamba mke wa mwenye duka, wanayemwita laobanniang, alikushika mkono. Si kukuamkia. Alikushika, akaushikilia, vichwa vyenu karibu, nawe umefumba macho! Muzdalifa anasema umefumba macho.

Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Simu hupokei. Nikaha ya mwanao wa pekee huji. Wufa unachaguliwa. Mkono unashikwa. Mimi si mjinga, ni fundi, na fundi akisikia mkwaruzo anafungua boksi.

Bimkubwa

*

Xiaobei
15 Novemba 2024

Mke wangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama na nimeimaliza nimekaa. Nitakujibu kwa adabu ingawa wewe adabu umeiacha Jang'ombe.

Muzdalifa sikumwona. Kama aliniita, mtaa ule una kelele, kila mmoja anaita mtu. Yule mama wa dukani ni mtu mzima, ana wajukuu, nafanya naye kazi mwaka wa tisa. Alikuwa ananionyesha kitu. Basi. Na wufa mbili mbovu ni bahati mbaya ya kiwanda, zirudishe.

Sasa na mimi niulize. Hesabu ile ya nyuso za wufa, sitini na nne, mia na ishirini na nane, om nane zisomeke nne. Tangu lini unaandika hesabu hivyo? Miaka yote unapima kwa shubiri na kujua kwa mkono. Na mwandiko wa mstari ule si wako, nne zake zina mkia. Mimi najua nani anaandika nne za mkia. Abdulwakil, fundi umeme, ambaye kila nikija namkuta kakaa kwenye benchi lako "kungoja gundi ikauke". Gundi gani haikauki miaka minne? Kwa hiyo mume akiwa mbali hesabu inaandikwa kwa mikono miwili, na mimi ndiye ninayeulizwa mkono wangu uko wapi.

Spika nasema tena, na sasa nasema zaidi: kumi na nane. Moja. Iwe kubwa, ukae mbele yake uijue ipo. Hizo nane zako sizitaki nyumbani kwangu.

Dullah awe wakili. Nimemaliza.

Msabaha

*

Jang'ombe
Jumatano, 27 Novemba 2024

Msabaha,

Nne za mkia ni za Shifa. Mwanao. Nilijikata kidole gumba kwa patasi, nikamsomea yeye akaandika mstari ule. Mtu amekaa na mtoto miaka ishirini hajui nne zake! Abdulwakil ameoa mwezi wa Mfungo Sita na hata hodi hapigi tena. Haya, umepata jibu lako. Mimi langu bado.

Nyumbani kwako, umesema. Nyumba hii kila mlango nimeupiga randa mimi.

Sikiliza. Sitaki maelezo tena, wala wakili, wala kumi na nane. Nataka sauti yako. Ijumaa tarehe 6 Desemba, saa kumi na moja jioni yetu, nitakaa ukumbini na simu mezani. Mama atakuwepo, Dullah atakuwepo. Utapiga, nitakuuliza mambo mawili, huyo mwanamke na nikaha, utanijibu. Kama kuna mke mwengine utasema, na kama hakuna utasema, na mimi sauti yako naijua, nikiisikia nitajua ipi ya kweli.

Usipopiga, nakwenda kwa kadhi. Shifa ataolewa mama yake ameshaachwa, lakini ataolewa kwa ukweli.

Bimkubwa

*

Xiaobei
6 Desemba 2024

Mama Shifa,

Nimepiga kama ulivyotaka. Umenisikia. Natumai roho imetulia, na mama na Dullah wameridhika. Basi tuyaache haya, tushughulikie harusi.

Wufa ya kumi na nane nimeshaitazama dukani. Duka la kwanza waliniambia "meiyou", yaani hakuna, ndilo neno tunalokula na chai hapa. La pili ipo.

Msabaha

*

Jang'ombe
Jumamosi, 14 Desemba 2024

Msabaha,

Ulipiga. Dakika nne. Ulisema wewe, ukasema, ukasema, kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya kivuko, mpaka Dullah akaisogeza simu mbali. Hukuniachia hata pa kupumua. Nilikuuliza la kwanza, ukaendelea na kontena. Nikakuuliza tena, nikapaza sauti, mbele ya mama yangu, nikajidhalilisha. Ukasema "Haya, haya, salamu kwa wote," ukakata.

Kwa hiyo nimeelewa. Mtu mwenye jibu hungoja swali. Wewe uliogopa swali, ukalifunika kwa kelele.

Nimelia, nakwambia usidhani sikulia. Jumatatu nakwenda kwa kadhi. Wufa zako zote nne nakurudishia kwa Muzdalifa, mbovu na nzima, sitaki kitu ukutani kwangu chenye jina lako. Nazisafisha sasa hivi nizifunge.

Jumanne, 17 Desemba

Barua sikuipeleka, na kwa kadhi sikwenda.

Nilipozigeuza wufa kwenye mwanga wa dirisha kuzifuta vumbi, nikaona alama. Kwenye koni, karatasi nyeusi ile, kila moja ina madoa matatu ya vidole, pale pale, karibu na katikati. Zote nne. Nikasema huyu ni nani aliyegusa koni? Baba alitufundisha sote wawili, koni haiguswi, jasho linakula karatasi. Wewe uliwahi kumpiga mteja kibao cha mkono kwa kugusa tu. Nikafikiri ni vidole vya yule mwanamke wako, nikaviangalia vizuri nimchukie vizuri.

Doa la kati ni fupi kuliko majirani zake. Katika zote nne. Na ncha ya kidole chako cha kati najua iko wapi, iliingia kwenye msumeno wangu mwaka wa kwanza wa ndoa yetu, tukaizika chini ya mpapai.

Nilikaa chini. Halafu nikatia pamba masikioni, nikafunga na mtandio juu yake, nikawasha, nikaweka vidole vyangu juu ya madoa yako. Nzima inatetemeka vizuri. Na mbovu inatetemeka vizuri vile vile. Vidole havijui mkwaruzo, Msabaha. Nikaona ulivyofumba macho dukani. Nikaona Muzdalifa anakuita mara tatu. Nikaona pikipiki inakukwangua bega. Nikaiona simu yako, dakika nne za kelele.

Nilitoa pamba, nikamwita Shifa aniletee kalamu.

Tangu lini?

Bimkubwa

*

Xiaobei
28 Desemba 2024

Bimkubwa, mke wangu,

Tangu baada ya Idi. Ilianza kama filimbi sikio la kushoto, nikadhani ni kiyoyozi. Mwezi mmoja baadaye la kulia likafuata. Daktari hapa kaandika kwenye simu, ikatafsiri: "Mishipa imechoka, hairudi." Mtu akinisimamia mbele, kinywa nakiona, maneno mengine nayakamata. Simu haina kinywa. Siku ile nilijua nikinyamaza utaniuliza, na ukiniuliza sitasikia, na usiposikilizwa utajua. Ndio nikasema mpaka nikachoka. Sauti yako sikuisikia hata herufi moja. Nilishika tu ile simu ikiwa na joto sikioni.

Wewe fikiria. Mimi watu wananijua kwa nini? Dar, Unguja, Tanga, wanasema wufa mpe Msabaha azisikilize. Nani atamwagiza kiziwi akamchagulie spika? Yule mama alinigundua kabla ya wote. Alisema kitu akacheka, mimi sikucheka. Baba yake alifanya kazi kiwanda cha spika akiwa hasikii kabisa, alikuwa akipima kwa vidole. Akanishika mkono akauweka kwenye koni, akaubana pale pale anapotaka nihisi. Ndicho alichokiona Muzdalifa. Nilifumba macho kwa sababu nilikuwa nalia.

Kubwa naihisi, ndogo zinanipotea. Ndio maana ya kumi na tano, ndio maana ya kumi na nane. Nilitaka niingie nyumbani kwangu nijue wimbo upo.

Na nikaha. Mimi nitasema nimekuozesha binti yangu, nimeshika mkono wa Hafidh, na msikiti mzima umenyamaza, naye atajibu nimekubali. Nitajuaje kama amejibu? Niendelee kumkodolea macho kama mjinga, watu waanze kukohoa? Siku ya Shifa? Bora Dullah. Mtoto asiwe na kisa cha kusimuliwa.

Kuhusu wewe na Abdulwakil nimekosa, nisamehe. Asiyesikia hujijazia maneno mwenyewe, na ninayojijazia mimi mengi ni mabaya.

Msabaha

*

Jang'ombe
Jumatano, 8 Januari 2025

Baba Shifa,

Assalaam alaykum. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe umeumbuliwa na wufa ya inchi nane. Nilikasirika siku mbili. Si kwa masikio. Kwa kuwa uliona afadhali nikudhani umeoa kuliko nijue husikii. Hiyo ni hesabu ya nani, nikuulize? Hata Shifa na nne zake asingeipata. Ya tatu nikakaa, nikafanya kazi.

Nilikwenda kwa shehe. Sikutaja jina, nikauliza: wali hasikii, itakuwaje? Akasema mashahidi wawili wenye masikio ndio wa kusikia, wali kazi yake kusema na kuridhika. Halafu akanitazama akasema, "Mwambie Msabaha aje." Mji huu, wallahi.

Nimemweleza Hafidh. Akauliza, "Atanishika mkono, si ndiyo?" Nikamwambia ndiyo, mkono kwa mkono kama waliotangulia. Akasema basi akishasema nimekubali atakubana mara mbili, na hatauachia mkono mpaka wewe umebana. Tumefanya mazoezi mimi na yeye kwenye benchi la karakana. Kijana ana mkono mzuri, hautetemeki.

Wateja tutawaambia ukweli. Wufa utazishika huko, nitazisikiliza mimi hapa kabla ya kumfikia mtu, na mbovu atazirudisha yule mama, maana mbili zangu mpaka leo ni deni lake. Muzdalifa anakuja huko na doti moja ya kanga, mpe yule mama kutoka kwangu. Mkono nimemsamehe. Kukaa karibu vile bado nafikiria.

Sasa spika. Nilikuwa sahihi kwa ukumbi wetu, na sirudi nyuma. Zile mbili nzima za nane nimezifunga moja kila boksi, zinaimba, mama kaacha kuuliza habari ya nazi. Lakini nimechonga boksi la tatu. Refu, la kulala, mbao nene za mninga, miguu imara, juu nimeweka godoro. Ni kiti, cha watu wawili. Wufa inakaa chini ya upande wa kulia, upande wako unaokaa siku zote. Nilimkalisha Shifa, nikajaribu wufa ya kumi na mbili ya mteja kwa kuishikiza. Akasema, "Mama, inapanda mgongoni!" Akabaki amekaa mpaka nyimbo tatu zimekwisha.

Kwa hiyo umeshinda, lakini kwa hili moja tu. Niletee ya kumi na nane, moja, kabla Wachina hawajafunga maduka kwa mwaka wao. Usiiweke kwenye kontena, ije nawe kwenye ndege, uipakate. Ibonyeze uijue, kisha mpe mtu mwenye masikio aisikilize mkwaruzo, usione haya kumwomba.

Tundu nimeshalikata, sentimita arubaini na mbili. Ukileta ya kumi na tano itadumbukia ndani.

Mkeo,
Bimkubwa